Kompyuta ya Watu Wanne

Walimwita Mwalimu Sifuri, na wala hakununa. Angenuna kwa lipi, wakati kila kipindi alikianza mwenyewe kwa sifuri na moja? Kilichomchemsha damu ni kitu kimoja tu: mtu kusema kompyuta ina akili. Hapo utamsikia, mishipa ya shingo imemtoka: "Akili gani? Ile ni swichi! Imewashwa au imezimwa, basi, hadithi imekwisha."

Ujanani alikuwa fundi redio. Watu walipoanza kutupa redio mbovu badala ya kuzitengeneza, hakukaa kulia. Akaokota kompyuta zilizokufa, akazifungua moja baada ya nyingine, akajifundisha, na mwisho akapata kazi katika chuo cha watu wazima. Chumba alichopewa kilikuwa cha nyuma, kimepakana na stoo ya viti vilivyovunjika. Mkewe alimuuliza, "Mume wangu, hao wazee unawafundisha matumbo ya mashine, watayapeleka wapi?" Akajibu kwamba mtu hatishwi na kitu ambacho amekwisha kukiona utumbo. Mkewe akacheka, akaendelea kukunja nguo.

Wanafunzi wenyewe walikuwa wanne: mkunga mstaafu, muuza nyama ambaye watu wote walimwita Bucha, fundi viatu, na mshonaji. Aliwapenda, lakini alikuwa na dukuduku. Wakati mwingine akieleza, mkunga anasinzia, Bucha anachora ng'ombe pembeni ya daftari. Akawa anajiuliza: hawa wananielewa, au wamefuata maongezi na chai?

Siku moja aliwasimulia kwamba zamani, kabla ya mashine, kompyuta alikuwa mtu. Naam, mtu mwenye mwili na damu, na mara nyingi mwanamke, ameajiriwa kukaa mezani kupiga hesabu kutwa nzima. Anafanya hatua yake, anampa wa pembeni karatasi, wa pembeni naye anafanya yake.

"Kumbe hata mimi ningeajiriwa!" mkunga akazinduka.

"Wewe Mama ungekuwa kumbukumbu," Bucha akadakia. "Mtaa mzima unajua nani kazaliwa lini, na baba yake ni nani."

"Na wengine najua kuliko wanavyojua wenyewe," akasema mkunga, na darasa zima likaangua kicheko. Hapo ndipo Mwalimu alipopata wazo la kuwageuza wawe mashine.

Wazo likaja wakati wake, maana Mkuu wa chuo alikuwa ameanza maneno. Mkuu alikuwa mama mtaratibu, si mkali, ila akisema jambo amesema. Alimwita ofisini. "Mwalimu, chumba chako nakitaka kwa darasa la kuchapa. Watu wanataka kubonyeza, wapate kazi. Nitakuja na wenzangu tuone. Kama wanafunzi wako wanaelewa, utabaki. Kama wanapitisha muda tu, tutashikana mikono tuachane vizuri."

Maneno hayo yalimwingia. Kwa umri wake, nani angempa darasa jingine?

Asubuhi ya siku yenyewe aliamka roho juu. Kadi ya maagizo, ambayo wanafunzi walikuwa bado hawajaiona ila wameambiwa lengo na zamu zao tu, aliikuta imechakaa mfukoni, akaamua kuiandika upya kwa herufi kubwa, ipendeze. Programu yenyewe ilikuwa rahisi, ya kutafuta kiatu kikubwa kuliko vyote chumbani. Fundi viatu, ambaye hahitaji kumuuliza mtu, angetazama miguu ya wageni na kuandika namba za viatu, kila moja na kikaratasi chake. Mkunga angezitunza na kuzitoa moja moja. Bucha angeshika namba moja mkononi na kuilinganisha na kila mpya inayokuja. Mshonaji angeipokea iliyobaki mwisho na kuiinua juu. Na sharti lilikuwa moja: kimya. Mashine haiulizi, haishauri, inatii kadi.

Wageni wakaja, wakakaa. Kiti kimoja kilibaki, akaitwa mlinzi wa getini akijaze. Jamani, yule bwana alikuwa na miguu! Fundi viatu alimtazama kwa heshima kabisa.

Mwalimu akaweka kadi katikati ya meza ya wanafunzi, akawapa mgongo, akasimama mbele ya wageni kuwaeleza. Nyuma yake vikaratasi vikapita mkono kwa mkono. Mara moja tu alisikia mshonaji akikohoa, halafu vikaratasi vikasita kidogo, halafu kazi ikaendelea. Mwisho mshonaji akainua namba: arobaini na tano.

Wageni wakageuka kutazama miguu ya mlinzi. Makofi! Mlinzi mwenyewe akasimama akainama kidogo, kama yeye ndiye kashinda. Mkuu akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nimeona, Mwalimu. Nimeridhika. Darasa libaki."

Mwalimu akajisikia mwepesi. Akageuka kukusanya vitu vyake, akaiokota kadi, macho yakapita juu ya maandishi yake mwenyewe mazuri: *Namba mpya ikiwa NDOGO kuliko uliyoshika, tupa uliyoshika, shika mpya.*

Ndogo! Kwa haraka yake ya asubuhi alikuwa ameandika kinyume. Mashine iliyotii kadi ile ingetoa kiatu kidogo kuliko vyote. Hii imetoa kikubwa. Maana yake haikutii.

Akamtazama Bucha. Bucha akatazama dari.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Chumba ameshapewa, mkewe angefurahi. Lakini alikuwa amepigana miaka na watu wanaosema mashine inajua unachotaka, na leo wageni wangetoka wakisema hivyo hivyo, kwa ushahidi wa darasa lake. Akapiga moyo konde.

"Mkuu, samahani. Jibu lile ni sahihi, lakini mashine imekosea."

"Mwanangu, nyamaza," mkunga akanong'ona, kwa sauti iliyosikika mpaka stoo.

Hakunyamaza. Akaisoma kadi kwa sauti, akasema kosa ni lake, akawaomba warudie, na safari hii watii neno kwa neno. Vikaratasi vikapita. Mshonaji akainua, shingo upande: thelathini na sita. Ilikuwa ya Mkuu.

"Kwa hiyo mguu mkubwa kuliko yote humu ndani ni wangu," Mkuu akasema, akiangalia viatu vyake vidogo. Mlinzi alicheka kwanza, akaziba mdomo.

"Kompyuta ya kweli ingesema hivyo, wala isingeona haya," akasema Mwalimu. Kisha hasira zikampanda, akamgeukia Bucha. "Kwa nini ulibadili?"

"Ulitaka tukuaibishe mbele ya wageni?" Bucha naye akaja juu. "Mtu mzima anafichwa aibu yake, Mwalimu. Hata buchani ndivyo tunavyofanya."

Mkuu akainua mkono, wote wakatulia. "Ngoja kwanza. Kadi hii mmeiona leo kwa mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Nani mwingine alijua kwamba imekosewa?"

Wakatazamana. Mshonaji akanyoosha mkono: ndiyo maana alikohoa. Fundi viatu akanyoosha wake. Mkunga akanyoosha mikono yote miwili. "Mimi niliona kabla yao," akasema. "Nikasema moyoni, maskini, mtoto hakulala."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Hawa waliosinzia. Hawa wachora ng'ombe. Walikuwa wameisoma programu mpya kimyakimya, wakalikuta kosa ambalo mwenyewe hakuliona, wakajua litaleta nini, na wakalitengeneza bila kusemezana. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi, na hakujali nani anamwona akilia.

"Basi wanaelewa," Mkuu akasema, akainuka. "Sasa wafundishe kutii."

"Hilo, Mkuu," mkunga akajibu, "asahau."