Kipande cha Tatu

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana pale Tabora, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: kukusanya vipande. Ndivyo tulivyoviita vile vikadi vya duara, vya kadibodi ngumu, vilivyogongwa mhuri wenye picha ya nyumba, ambavyo mgeni alipewa akizuru majumba ya kale ya njia ya misafara. Cha Bagamoyo nilikipata nikiwa mafunzoni. Cha Ujiji nilikifuata kwa treni, nikisimama kutoka Tabora hadi Kaliua. Kilibaki cha nyumba ya kale ya kwetu Tabora, mwendo wa baiskeli tu kutoka nyumbani Itetemia.

Mara ya kwanza mtunzaji wa nyumba ile alikuwa ameenda shamba la kijiji, na mlango ameufunga kwa waya. Mara ya pili nilimkuta, vipande vimepangwa mezani mbele ya macho yangu, akakataa.

"Hivi ni vya wageni, mwalimu. Wewe ni wa hapa hapa."

"Kwani mwenyeji hana historia?"

"Unayo. Ndiyo maana huhitaji kipande."

Nilirudi nimefura kwa hasira, na pancha juu yake.

Mara ya tatu niliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba natoka Kigoma. Akasoma, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kigoma ya Itetemia," akasema, lakini mhuri akagonga. Nilikipata, ila kwa kuukana mji wangu, na jambo hilo lilinikera njia nzima.

Baba alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikavitandaza vyote vitatu mbele yake.

"Nini hivi?"

"Vipande, baba."

Mikono yake ikasimama. Enzi za mkoloni baba alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, na kila manamba alibeba kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Bila kipande hukuwa mtu. Mambo hayo nilikuwa nikiyafundisha darasani, na bado neno lile lilinitoka mdomoni bila kufikiri.

"Mara tatu umekwenda kuomba kipande," akasema. "Kwa baiskeli yako mwenyewe."

Nilijiona mjinga, na hilo likanizidishia hasira. Nikamuuliza chake kiko wapi, maana nilitaka nikiweke mbele ya vyangu vyote.

"Nilikitia motoni asubuhi ya Uhuru, mama yako akichemsha chai."

Nilitaka kumlaumu. Nimezunguka nchi nzima, kumbe kipande pekee kilichokuwa chetu kweli kilishakuwa majivu jikoni kwetu. Baba akaokota hindi lingine.

"Chai ile na wewe uliinywa," akasema.