Mguu wa Dungu

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mwili wote unanisisimka. Ni mwaka jana tu, mpunga ulipoanza kugeuka rangi huku kwetu Michenga. Hiyo simu iweke chini kwanza.

Parokiani alikuwapo mgeni, kijana wa Uskoti aitwaye Kalumu, mpole, ananiamkia shikamoo kila akipita. Jumapili baada ya misa akatuonesha kwenye simu michezo ya kwao. Nilishtuka. Wanaume wazima, wana ndevu zao, wamevaa sketi za marinda, magoti nje, na hakuna anayewacheka. Huyu anazungusha nyundo ya chuma na kuitupa, wale wanavutana kamba, wengine wanagombea mpira kwa fimbo zilizopinda. Mara akaja mmoja amekumbatia gogo refu kuliko nyumba yangu, amelisimamisha wima begani, akakimbia nalo, akalirusha likapinduka hewani. Kalumu akaeleza kwamba hawapimi umbali. Wanatazama kama limepinduka na kulala limenyooka mbele ya mrushaji. Nikamuuliza kama wake zao wanajua habari hizi. Akasema siku hizi na wake zao wanarusha.

Mjukuu wangu Deo damu ikamchemka. Jumamosi iliyofuata yeye na wenzake wakajaa uwanja wa mpira, wamejifunga vitenge vya mama zao kiunoni. Vijana wa Kisukuma walikuja na kamba ya ng'ombe, wakawavuta wa kwetu mpaka wakala vumbi. Kisha Deo akaleta nguzo ndefu, imenyooka vizuri, akairusha ikapinduka barabara. Tulipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza nguzo imetoka wapi.

Ilitoka shambani kwetu. Ilikuwa mguu wa dungu, kile kichanja kirefu tunachopanda kuamia ndege wasimalize mpunga. Deo aliuchomoa, akaegesha mti mwembamba mahali pake, akijiambia jioni ataurudisha. Jioni ilipofika alikuwa anabebwa juu juu na wenzake.

Asubuhi mama yake, mkwe wangu, akapanda kama kawaida na kombeo lake. Nilikuwa ukingoni mwa shamba, namwona. Dungu likainama taratibu, kama mtu anayesinzia, kisha likaenda lote. Nilipomfikia alikuwa kimya kwenye tope, macho wazi, mguu umegeukia upande ambao mguu hauendi. Nilijua amekufa. Nikapiga yowe, watu wakaja mbio.

Hakufa. Bajaji ikamkimbiza hospitali Ifakara. Deo akatukuta pale, kitenge cha mama yake bado kiko begani.

"Bibi, nilitaka kuurudisha."

"Najua ulitaka," nikamwambia. "Lakini mama yako hakupanda juu ya kutaka kwako. Alipanda juu ya mti."

Kalumu naye alikuja. Akasema kwao gogo la mchezo hukatwa kwa ajili ya mchezo tu, na wakimaliza wanalihifadhi mpaka mwaka mwingine. Hilo Deo hakuwa ameliuliza. Aliuliza jinsi ya kurusha.

Mkwe wangu sasa anatembea, ila kwa fimbo. Mpunga mwingi uliliwa na ndege. Deo ndiye anayemchotea maji mama yake na kumsogezea kiti, na hakuna aliyemwagiza.

Basi nisikilize. Cheza. Sikukatazi, hata iwe michezo ya Waskoti, na ukivaa sketi mimi nitatazama kwingine. Lakini kabla hujachomoa kitu mahali pake, simama uulize kimembeba nani. Na kama umeshakichomoa, kirudishe saa ileile, usiahirishe, kwa maana watu wa nyumbani kwako hawakagui. Wanapanda tu, wakijua upo.

Mungu akujalie mikono yenye nguvu, mwanangu, na kila anayepanda kwa kukuamini ashuke kwa miguu yake mwenyewe.