Waya Uliofunga Paa Langu

Mniite mwongo mkipenda, lakini siku ile sikuwa nimeonja hata tone la pombe, na jua lilikuwa bado liko juu. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kisangani, ng'ambo ya mto, enzi za Zaire.

Wanajeshi walikuwa wakija nyuma ya mashamba yetu kufanya mazoezi ya kombora la kupiga vifaru, lile ambalo askari mmoja analibeba. Likiruka, huacha nyuma yake waya mwembamba, na aliyelifyatua huliongoza kwa waya huo mpaka lifike. Wakiondoka, sisi tunaokota waya. Nani angeacha kitu cha bure? Wengine walitegea panya wa porini, wengine walishonea vikapu. Mimi nilifungia paa zima la nyumba yangu, na majirani wakanisifu.

Alasiri hiyo nilikuwa nikiviringisha waya mwingine kwenye kijiti, nikiufuata nyasini. Nikahisi unavutwa. Nilidhani umenasa. Kumbe mbele yangu kuna askari kijana, peke yake, amepiga goti, jicho kwenye darubini, kidole gumba kwenye kifimbo cha kuongozea. Sare yake ilikuwa imelowa chapachapa, na mvua tulikuwa tumeisahau. Hakuniangalia.

"Papa, usikate," alisema. "Iko bado naenda."

"Nini iko naenda?"

"Ile nilipiga zamani, siku ya mvua. Haiyafika. Iko nafuata waya yake, na waya yake iko kwako." Akakaza kidole gumba kwenye kifimbo. "Kimbia, papa, toa bibi na mutoto. Mi siwezi tena kuigeuza. Pardon."

Niaminini, sijawahi kuogopa vile. Nilifika nyumbani nikihema, nikamnyakua mtoto kitandani, nikamvuta mke wangu Mado nje kwa mkono.

"Uko na wazimu?" alifoka.

Kabla sijajibu, kitu kilipita juu yetu kwa mluzi. Hatukukiona. Paa likaanguka juu ya kitanda, bila moto wala moshi, waya wote umekatikakatika.

Nilirudi kumshukuru. Nyasi zilikuwa zimesimama, hata alama ya goti hakuna. Mpaka leo namwonea huruma: kupiga kitu usichoweza kukigeuza, kisha ubaki unakiangalia kikienda! Nyumba yetu ya sasa imefungwa kwa kamba za msituni, na Mado akisikia mluzi wowote huwatoa wajukuu nje kwanza.

Nawe ukikuta waya mwembamba nyasini, usiuvute. Huko mwisho, mtu bado ameushika.