Siku Baba Alipomtoa Mbwa Wetu

Harufu ya turubai lililolowa mvua hunirudisha mpaka leo kwenye msitu wa kando ya ziwa, karibu na Masese, nikiwa na miaka tisa, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi.

Baba alikuwa dereva wa lori, Mkenya aliyehamia Mbale ujanani. Kila likizo alitutoa kwenye chumba chetu cha Namakwekwe, mama, dada yangu Rehema na mimi, tukaenda Jinja kupiga hema siku chache. Majirani walitucheka: watu wenye paa kwenda kulala porini! Aliyefurahi kuliko wote ni Tomi, mbwa wetu. Alibwekea mawimbi, akafukuza tumbili, kisha akaja kunikung'utia maji yote mwilini.

Mchana mmoja, mama akikaanga samaki, gari la jeshi likasimama. Akashuka ofisa na askari wawili. Tomi akanguruma, baba akamshika shingoni.

"Nani napatia nyinyi ruhusa kulala hapa?"

"Tunapumzika tu, afande. Kesho tunarudi Mbale."

Ofisa hakuwa akimsikiliza. Alimtazama Rehema, msichana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akianika nguo.

"Hii msichana yako? Atakuja kambini kupikia sisi."

Nilikaribia kucheka. Rehema hata uji ulimshinda! Lakini mama aliacha kugeuza samaki, nikasikia wakiungua.

Baba akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. "Huyu hajui kupika, afande, atawaumiza matumbo. Lakini umemwona mbwa? Analinda lori langu peke yake. Mtu mkubwa kama wewe ndiye anayefaa kuwa naye."

Ofisa alimtazama Tomi kwa muda. "Nauma?"

"Anauma nikimwamuru."

Basi baba akambeba Tomi mwenyewe, akampakia garini. Nilimng'ang'ania mbwa wangu nikilia. Baba akanibandua vidole kwa nguvu. Gari lilipoondoka tu, tuling'oa hema, tukaacha chakula motoni.

Hatukurudi tena msituni. Baadaye tulisikia Tomi alimng'ata askari, wakampiga risasi. Baba alipoambiwa alitoka nje, akaosha lori lililokuwa safi. Mimi niliona ni unafiki. Tangu siku ile nilimwamkia kwa sababu ya adabu tu, na nilivyokua, chuki nayo ilikua.

Baba alipofariki, jioni ya maziko, Rehema aliniketisha nyuma ya nyumba.

"Unamkumbuka binti wa fundi cherehani, kule Nabuyonga? Naye alichukuliwa kwenda kupika. Hakurudi. Baba alijua."

Nikauliza, "Mbona hakuniambia?"

"Mama alitaka akwambie. Baba akakataa. Alisema, mwache anichukie, bora apate usingizi."

Na kweli nililala, miaka yote ile, huku wao wawili wakikesha, wakisikiliza kila gari lililopita.