Waliponiita "Kile" Pale Mlabani

Kiswahili kimewastahi sana watu wa aina yangu. Ukisema "amekuja", hakuna anayejua kama aliyekuja ana ndevu au ana matiti. Yeye ni yeye, basi. Kwa hiyo mtu akitaka kukudhalilisha kwa hali kama yangu, lazima ahangaike kidogo, na majirani zetu pale Mlabani, mtaa mmoja wa Ifakara, walihangaika kweli kweli. Waliacha "amekuja", wakachukua "kimekuja".

Miaka ile ya tisini sikuwa na jina la hali yangu. Nilijua tu kwamba ni mwanamume niliyezaliwa msichana kule Mahenge, nikabatizwa jina la mtakatifu wa kike, nikashonewa gauni la marinda la Komunyo ya Kwanza, ambalo nililipasua kwa makusudi kwenye seng'enge kabla sijafika kanisani. Nilipohamia Ifakara kwa shangazi, dada yake baba, nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kichwa nimenyoa, suruali moja, na kifua nimekifunga kwa kipande cha kanga ambacho kwenye lile joto kiliniwasha kama upupu.

Shangazi alikuwa akiuza vitumbua mbele ya nyumba. Alinikagua juu mpaka chini.

"Baba yako ameniandikia kwamba umeharibika," alisema. "Mimi naona umekonda tu. Ingia ule."

Nilijifunza ufundi wa baiskeli kwa mzee mmoja mwenye kibanda ubavuni mwa nyumba yetu. Aliporudi kulima, akaniachia kibanda. Mji ule uliishi juu ya baiskeli. Magunia ya mpunga, wagonjwa, maharusi, jeneza siku moja, vyote nimeviona juu ya keria, na tairi likipasuka, vyote vilikuja kwangu.

Aliyeanza maneno ni mwenye duka wa ng'ambo ya barabara. Mtu akimwuliza fundi yuko wapi, anamjibu, "Peleka kwa kile pale." Kesho yake, "Leo kimefungua mapema." Keshokutwa, "Kimevaa shati jipya." Siku akiwa na hasira nilipandishwa cheo nikawa "lile": "Lile jikedume limemwaga maji mbele ya duka langu!" Watoto wakadaka. Mafundi wenzangu wakadaka. Hata mwanamama mmoja niliyekuwa nakaa naye benchi moja kanisani alimnong'oneza jirani yake, "Kisogezee kitabu cha nyimbo, hakina."

Mwanzoni nilijibu kwa matusi. Nilikuwa nayo mengi, ya Kiswahili na ya Kipogoro, na baadhi niliyatunga mwenyewe. Lakini ukishamtukana mtu unarudi nyumbani na neno lake bado liko sikioni. Nilianza kujikuta natembea pembeni kabisa ya barabara, nikijipunguza, kama kitu kinachoogopa kugongwa. Jioni nilikaa nyuma ya nyumba bila hamu ya kula. Shangazi aliweka sahani mbele yangu, akasimama juu yangu na upawa mpaka nimalize.

Asubuhi moja yule mwenye duka alivuka barabara akisukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala. Alikuwa anawahi msiba kijiji cha Kisawasawa. Wanawake watatu walikuwa wamepanga foleni ya vitumbua. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake, spana mkononi.

"Kipo?" alimwuliza shangazi.

Shangazi aligeuza kitumbua. "Kipi?"

"Kinachotengeneza baiskeli."

Sijui nini kilinijia. Nikaweka spana chini, nikalaza mikono juu ya magoti, nikakodoa macho mbele, nikatulia kama pampu iliyoegeshwa ukutani.

"Wewe, nina haraka!"

Nzi alinitua puani, nikamwacha.

"Kina nini leo?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Kaka, uliona wapi kitu kikaongea? Labda ukitekenye."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya kibanda. Mwenye duka aligeuza baiskeli, akaenda nayo kama hatua ishirini, akakumbuka kwamba fundi mwingine yuko mbali, kule sokoni, akarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Fundi," alisema, kwa uso wa mtu anayemeza klorokwini. "Naomba unizibie pancha."

"Shikamoo, kaka," nilimjibu, maana nimelelewa. "Karibu."

Nilimzibia vizuri, akaenda. Nilijisifu siku mbili nzima. Siku ya tatu alirudi kutoka msibani, nikamsikia akimwambia mteja, "Muulize kile." Tofauti ni kwamba sasa, tairi lake likipungua upepo, neno hilo alilisema taratibu.

Aliyemweza ni mama yake.

Alitoka Masagati, akapandia treni Mlimba, akaja Ifakara kung'olewa meno mawili. Alirudi kutoka kung'olewa shavu limevimba kama amefichia ndani kitumbua cha shangazi. Benchi la dukani kwa mwanawe lilikuwa juani, akavuka barabara, akakaa kibandani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanitazama nikinyoosha spoku. Nilisubiri lile swali la siku zote, la nini kimo ndani ya suruali.

"Hilo 'mwanangu' ni neno la wote," alisema. "Nikuiteje wewe? Nikuite mama, au nikuite baba?"

Watu walikuwa wameniita watakavyo, wameniombea, wamenikemea pepo. Kuniuliza hakuna aliyewahi. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, kama kawaida yangu, nikauacha.

"Baba," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko ninavyopenda.

"Haya, baba. Niletee maji ya chumvi nisukutue, hili shavu linaniua."

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchota maji na huko nikalia, nikajifuta kwa mikono ile ile yenye grisi. Niliporudi alishtuka. "Baba, umejifanya nini usoni? Unatisha."

Mchana mwanawe alikuja kumwita akale.

"Mama, mbona unakaa na hiki?"

"Nakaa na baba hapa."

"Unakiita baba?"

"Namwita," alisema, akibonyeza shavu kwa kiganja. "Na-m-wita. Niliuza kuku ukaenda shule. Hukufundishwa hata kusema?"

"Lakini mama, mtu huyu..."

"Umeona? Kumbe unaweza."

Shangazi alilazimika kuingia ndani akachekee huko.

Nisidanganye kwamba mtaa mzima uligeuka. Katika wiki mbili alizokaa mama yake, mwenye duka alinikwepa kabisa katika sentensi zake. Hakusema "yupo", hakusema "kipo". Alisema, "Pamefunguliwa?" Nikawa nimehama ngeli ya vitu, nimeingia ya mahali. Shangazi alisema hayo ni maendeleo. Baadaye "fundi" lilizoeleka kinywani mwake, na siku alizojisahau nilikuwa nasikia "ki..." halafu kikohozi. Wengine waliendelea na "kile" chao, na zipo siku nilicheka, zipo siku nilifunga kibanda mapema nikalala.

Siku ya yule mama kuondoka, mwanawe alikuwa na wateja, kwa hiyo mimi ndiye niliyempakia kwenye keria hadi stesheni. Treni ilichelewa, kama ada. Tulikaa kivulini akanisimulia marehemu mumewe alivyokoroma, na namna yeye mwenyewe atakavyotafuna mahindi kwa upande mmoja tu mpaka kufa. Akataka kujua kama na mimi nitaoa. Nikamwambia sijui kama nitapata wa kunikubali. Akasema hilo ni tatizo la wanaume wote, nisijione wa pekee.

Treni ilipofika nilimsukuma juu pamoja na mzigo wake. Nilisimama nje nikimtafuta dirishani nimpungie mkono. Nilimwona, lakini yeye hakuniona. Alikuwa amekwisha kuanza ugomvi na mwanamume aliyekalia kiti chake, kidole kimeinuka, shavu limekwisha kunywea, na treni iliondoka hivyo hivyo.