Simu ya Kuazima

Karani anayewapigia simu wagonjwa wa upasuaji pale Machakos hupangusa simu kwa ncha ya sweta kabla ya kila namba, na akipokewa huuliza kwanza habari za mvua. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Mgonjwa akiwa na simu yake mwenyewe, humwambia waziwazi: nafasi imepatikana, njoo. Wengi wa hao ni watu wa mjini, na hufika upesi. Lakini simu ikiwa ya kuazima, neno kansa halimtoki kinywani. Ugonjwa wa mtu, husema, si wa kutangazwa dukani. Husema tu, "Mwambie ile safari yetu iko tayari." Basi nafasi ya Mbithe wa Yatta, mwenye uvimbe kwenye titi, imeshawaendea wengine mara mbili, maana Muthoka, mwenye duka anayemwazima simu, hupeleka ujumbe usiku akishafunga.

Leo nafasi nyingine imepatikana, ya kesho asubuhi.

"Muthoka, niitie yule mama, mwaitu Mbithe."

"Ako shamba, ng'ambo ya mto. Kwani hiyo safari haiwezi kungoja jioni? Niko na wateja, bwana!"

Nesi amesimama mlangoni akitaka jina la mgonjwa wa kesho. Kidole gumba cha karani kinasugua meza, kinasugua, kisha kinatulia.

"Muthoka, ni kansa. Wanataka kumpasua kesho."

Halafu sauti ya Muthoka, mbali na simu, ikiwaambia watu: "Tokeni, tokeni nje. Nafunga."