Mimi na Besi Wapi na Wapi?

Leo kwaya ilitaka kunihamishia sauti nzito ya besi. Mimi!

Wanjiku, mwalimu wetu wa kwaya anayeniita Guka, yaani babu, akanirushia mbele ya watu: "Guka, sauti ya juu ya teno waachie vijana. Una miaka sabini na mbili."

Sikubishana. Nikatoa simu, nikawawekea rekodi za waimbaji wawili wa teno wa opera, mmoja wa zamani, mwingine wa siku hizi.

Kanisa zima likainamia simu. Wale jamaa hupanda juu kama mama wa mtaa wa Pipeline anayepandisha ndoo ya maji ghorofa ya sita bila kumwaga tone.

Nikauliza, "Kijana ni yupi?"

Wote wakasema wa kwanza. Kumbe huyo alirekodiwa akiwa babu kama mimi! Nikacheka mpaka meno ya kununua yakacheza.

Wanjiku naye si mjinga. "Haya, hao wameimba. Sasa imba wewe."

Jamani.

Nikafumba macho, nikaishika noti ya juu kabisa, nikaing'ang'ania. Kufumbua, Mama Achieng' wa ploti ya jirani yuko mlangoni, leso kiunoni, anauliza nani amefariki.

Kwaya ikaanguka kwa kicheko. Wanjiku akafuta machozi: "Guka, baki teno. Lakini Jumapili tutawaonya majirani mapema."

Mnaotaka niende besi, jiandikeni hapa chini niwajue.